Mashuka Nyuma ya Kibanda cha Mwisho

Picha iliyopigwa kutoka angani haishikwi ovyo ovyo. Unaiweka mezani, unaizungusha mpaka vivuli vya miti na nyumba vikuangukie wewe unayetazama, ndipo unaanza kusoma. Ukiiweka kinyume macho yanakudanganya: kilima kinaonekana shimo, na shimo linaonekana kilima. Hilo nilifundishwa Bukavu, kwetu Kongo, katika miaka miwili niliyosomea upimaji wa ardhi kabla vita havijaniondoa, na ni moja ya vitu vichache nilivyotoka navyo nyumbani bila mtu kuninyang'anya njiani. Nilikuwa najivunia sana. Nalisema mapema kwa sababu majivuno yale ndiyo yaliyoniponza.

Durban elimu yangu haikuwa na kazi. Nilikuwa nalinda magari kwenye maegesho ya duka moja Glenwood, nimevaa kizibao cha rangi ya machungwa, nawaonyesha watu wanaojua kuendesha jinsi ya kurudisha gari nyuma. Miaka mitatu, jua na mvua. Wengine walinisalimia, wengine walinipita kama nguzo ya umeme. Mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima anayekaa Queensburgh, alikuwa miongoni mwa wanaosalimia. Siku moja akaniuliza kama naweza kumtunza baba yake: kumpikia, kumwogesha, kumsomea gazeti. Macho ya mzee yalikuwa yamekufa katikati, akabaki anaona pembeni tu. Nikasema naweza hata kabla hajamaliza kuuliza.

Mzee alikaa hapo hapo Glenwood, kwenye nyumba ya zamani yenye baraza pana. Vyumba vya nyuma walipanga wanafunzi wa chuo, ambao kelele zao alizilalamikia kila siku, lakini chuo kikifungwa alikuwa anauliza watarudi lini. Siku ya kwanza aliniita "boy". Nikaweka trei ya chai mezani, taratibu, nikamwambia nina miaka arobaini, nina mke na watoto wawili, na kwetu nilikuwa nasomea kupima ardhi. Nilijua kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Akaniuliza mtu wa kazi hiyo anaitwaje kwa lugha yangu. Nikamwambia, mpima. Tangu hapo akaniita Mpima, na mimi nikamwita Mzee. Mengine yote tuliongea kwa Kiingereza, changu cha kuparuza na chake cha kumezea maneno.

Mwaka wa Kombe la Dunia alitimiza tisini. Ndege zilikuwa zimehamishiwa uwanja mpya kaskazini mwa mji, na jambo hilo lilimkera kuliko mavuvuzela. Kwa miaka yote alizoea kuzisikia zikitua upande wa kusini. Sasa ikipita ndege anageuza kichwa upande usio wake, anauliza, "Mpima, inakwenda wapi ile?" Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa fundi wa injini kwenye uwanja wa ndege za kivita za Waingereza. Alitoka Durban kwa meli akiwa na miaka ishirini, akaenda kuganda na baridi huko kusini mwa Uingereza.

Binti yake alitaka kumpa zawadi ambayo mtu wa tisini hajawahi kupewa. Akatafuta kwenye kompyuta, akagundua kwamba Wajerumani walikuwa wamezipiga picha karibu kambi zote za ndege za Waingereza, na picha hizo zilitekwa baada ya vita zikahifadhiwa Marekani, ambako mtu anaweza kuagiza nakala. Akaagiza ya uwanja wa baba yake. Ilikuja imekuzwa, pana kama trei kubwa, imekunjwa ndani ya bomba la karatasi. Ukingo ulikuwa umekatwa, na pamoja nao mshale wa kuonyesha kaskazini. Tarehe ilibaki kwenye barua iliyofuatana nayo. Mama yule akamsomea baba yake tarehe kwa furaha, akitegemea ashangilie. Mzee akasema ahsante, akaomba chai. Chai ilipokuja, ikabidi nimshikie kikombe.

Jumatatu tukabaki wawili. Nikaitandaza picha kwenye meza ya baraza, nikaiwekea vijiko pembeni isijikunje, nikachukua lensi aliyokuwa akisomea zamani. Nikaizungusha mpaka vivuli vikanijia. Kisha nikamwambia, kama daktari, "Haya Mzee. Kaskazini ni juu. Uliza unachotaka."

Naapa, sikuwahi kufurahia kazi kama siku zile. Mjerumani yule alikuwa fundi. Walikuwa wanatuma ndege moja, peke yake, juu sana, haina bomu, ina kamera tumboni. Inapita kama haina shida na mtu. Halafu watu wengine wanakaa ofisini na lensi kama yangu, wanazungushia kwa wino mweupe kila kitu cha maana. Walikuwa wamezungushia mabanda makubwa ya ndege pande zote mbili za uwanja, ghala la mafuta, mahali pa risasi, hata mizinga iliyofichwa chini ya nyavu. Waingereza walikuwa wamechora kwa masizi mistari ya uongo kwenye nyasi ili uwanja uonekane kama mashamba yenye ua. Mzee mwenyewe alishika brashi. Mjerumani alikuwa amepitisha kalamu yake juu ya mistari ile kama haipo.

"Hawakudanganyika?" akauliza.

"Hata kidogo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Siku nne tulichora ule upuuzi. Siku nne!"

Basi kila asubuhi, nikishamnyoa, tunakaa upande wa baraza unaopata jua la Juni, namsomea uwanja wake kipande kwa kipande. Lakini niliona kuna kona anaikwepa. Tukiikaribia anaanza kuulizia supu, au anasema mguu umekufa ganzi. Mimi si mtu wa subira. Siku ya tano nikamwambia, "Mzee, tumezunguka uwanja wote. Kona ya kaskazini mashariki hutaki. Kuna nini?"

Akaniambia. Aliniambia akiwa ameangalia bustani, na nadhani alikuwa hajawahi kulisema kwa sauti.

Kwenye kona ile, nyuma ya mabanda ya ndege, palikuwa na vibanda vya kulala mafundi. Yeye na rafiki yake, Mwingereza wa rika lake, walilala kibanda cha mwisho. Amri ilikuwa moja kwa wote: mchana, kitu cheupe kisionekane nje. Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, vitanda vinanuka uvundo, na siku jua lilipotoka yeye akafua mashuka, mawili yake na mawili ya rafiki yake, akayatandaza kwenye nyasi nyuma ya kibanda. Kwao Durban mama wa Kizulu aliyewafulia ndivyo alivyofanya kila wiki: shuka jeupe halitundikwi kwenye kamba, linalazwa kwenye nyasi, jua na umande viling'arishe. Mtoto aliyekulia hapo hajui njia nyingine. Rafiki yake alipoyaona akamwambia ayaanue haraka. Yeye akamjibu acha yakauke kwanza. Wakasikia ndege moja juu sana, haionekani, ikapita ikaenda zake.

Siku tatu baadaye walikuja wenye mabomu. Yeye alikuwa ng'ambo ya uwanja ndani ya injini. Rafiki yake alikuwa karibu na kibanda, na hakuimaliza siku hiyo.

"Tarehe aliyosoma binti yangu," akasema, "ndiyo siku niliyofua. Miaka sabini nimekuwa najiuliza kama waliyaona. Yeye hajui, usimwambie. Nakuuliza wewe kwa sababu wewe si wa kwetu, na kwa sababu ni mpima. Tazama nyuma ya kibanda cha mwisho. Yapo au hayapo?"

Niliinama juu ya ile picha mpaka pua ikagusa karatasi. Nikaenda kona ya juu kulia. Kweli, vibanda vilikuwepo. Yeye alisema vitatu, mimi nikahesabu vinne, nikajisemea moyoni mzee wa miaka tisini atakumbukaje hesabu ya vibanda. Nikapekua nyuma ya cha mwisho. Nyasi za kijivu, kijia, mti na kivuli chake. Nikarudia. Nikabadilisha upande wa mwanga, nikarudia tena.

"Hayapo," nikamwambia. "Mzee, pako safi. Hakuna kitu cheupe."

Aliangalia bustani mpaka chai ikaunda ngozi juu. Kisha akaniuliza kama yai lipo, akala mawili, yeye ambaye nilikuwa namlazimisha nusu.

Wiki zilizofuata alikuwa mtu mwingine. Aliomba kinyozi. Alitembea mpaka geti akinishika mkono, akawasalimia wanafunzi, akawauliza timu gani itachukua kombe. Binti yake akanivuta jikoni akaniuliza nampa dawa gani. Nikamwambia ni jua tu, na nikarudi nyumbani Greyville kwa miguu nikipiga mluzi. Mke wangu, ambaye anasuka nywele kwenye saluni jirani na tunapokaa, aliniona kwenye kona akasema, "Ona mutu anatembea kama amejenga nyumba."

Halafu ikaja barua.

Rafiki yule alikuwa na dada mdogo. Bado yu hai, bibi mzee sasa, na kila Krismasi alikuwa anamtumia Mzee kadi, kwa sababu kaka yake alikuwa amemtaja kwenye barua zake. Miaka yote hiyo Mzee hakuwahi kujibu hata moja. Kadi zilikuwa kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, nilizifuta vumbi mimi mwenyewe. Sasa akasema, "Lete karatasi, Mpima. Sasa naweza kumwandikia."

Nikaandika, yeye anasema. Aliomba msamaha kwa kimya chake. Akaeleza juu ya mashuka yote, bila kuficha, kisha akaeleza kwamba picha ya Wajerumani imepatikana, imetazamwa na mtaalamu wa upimaji, na mashuka hayaonekani. Kwa hiyo si sisi, akasema, andika hivyo, si sisi. Mtaalamu huyo alikuwa mimi. Nililiandika hilo neno kwa mwandiko mzuri.

Kisha akalegea, akataka kumpa yule bibi kumbukumbu ya kaka yake akiwa anacheka. Akasema: "Mwambie wiki ya kwanza tuligombania vitanda. Mimi nikawahi kile cha dirisha la kaskazini, nikamwona mjinga, nikasema jua lote ni langu. Ndivyo tunavyojenga Durban, nyumba inatazama kaskazini. Nikaganda siku sita. Jua la kwao linapita kusini! Kaka yako alikuwa amelala kwenye dirisha la kusini anaota jua, ananitazama, hasemi kitu. Alicheka mpaka akaanguka kitandani."

Mzee naye alikuwa anacheka. Kalamu yangu ilikuwa imesimama.

Jua la kwao linapita kusini, basi kivuli cha kwao kinaangukia kaskazini. Mimi nilikuwa nimevivuta vivuli vinijie, halafu nikasema kaskazini ni juu, kwa sababu Durban ndivyo kulivyo: jua liko kaskazini, kivuli kinaanguka kusini, ukikivuta kije kwako basi juu ni kaskazini. Miaka mitatu kwenye maegesho nilikuwa natafuta kivuli upande wa kusini wa kila ukuta, mpaka ikawa akili ya miguu. Na kwetu Bukavu, ambako jua nusu ya mwaka liko huku na nusu liko kule, mwalimu alikuwa anatupigia kelele kila siku: angalieni mshale kwanza. Mshale ulikuwa umekatwa. Hakuna aliyenipigia kelele.

"Umeandika?" akauliza Mzee.

"Naandika."

Nilipomlaza apumzike mchana niliipeleka picha jikoni. Niliigeuza, juu chini. Kona ya kaskazini mashariki, ile ya kweli, ikaja juu kulia. Vibanda vitatu. Nyuma ya cha mwisho palikuwa na chembe nne nyeupe, zimepangwa mbili mbili, kama chumvi imemwagika.

Nilikaa kwenye kigae chini. Pumbavu mimi, nilisema kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kimashi cha mama yangu, na zote zilikuwa hazitoshi.

Barua ilikuwa kwenye begi langu, imefungwa, ina stempu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuitumbukiza. Nilitembea nayo siku tisa. Kutoka Glenwood hadi Greyville niliacha kupanda taxi, vile vibasi vya hapa; nilitembea nikipita sanduku la posta lile lile asubuhi na jioni, nakaribia, nashika begi, naondoka. Nilivuka robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, dereva akanitukana kwa Kizulu, nami nikamrudishia kwa Kimashi, kila mtu akaridhika. Nyumbani sikukaa. Nikikaa nasimama. Nilifungua bomba lisilovuja nikalifunga upya. Watoto wakanikwepa.

Mzee alikuwa anauliza kila siku, "Imeshaondoka?" Siku ya kwanza nikasema foleni ilikuwa ndefu. Ya pili nikasema wamefunga mapema. Ya tatu nikasema kesho. Mtu asiyeona vizuri anasikia sana, na nadhani alisikia.

"Iko nini na wewe?" mke wangu akaniuliza Jumapili, tumerudi kanisani, anakatakata sombe, majani ya muhogo. "Unazunguka mu nyumba sawa mutu amepoteza funguo."

Nikamweleza. Sikupenda kumweleza, maana mke wangu ana kipaji cha kunyamaza vibaya. Alikatakata, akakatakata.

"Muzee anakula?"

"Anakula."

"Analala?"

"Analala vizuri."

"Basi muache. Ana miaka tisini. Unataka nini, upewe medali ya ukweli? Akufe na amani yake."

Nikamshukuru kimoyomoyo. Hilo ndilo nililotaka kusikia. Nikachukua begi nikaenda mlangoni, nikasema naenda kuposti sasa hivi, sanduku liko chini barabarani, lile karibu na uwanja wa farasi. Nilikuwa nimeshika kitasa aliposema, bila kuinua kichwa, "Lakini ile barua si yake peke yake. Iko mutu mwenye ataisoma."

"Si umesema nimuache?"

"Nimesema umuache muzee. Ule mama wa Ulaya sijasema kitu."

Eish, mwanamke huyu. Nilirudi nikakaa, nikasimama.

Nilifikiria yule bibi akifungua bahasha na vidole vya uzee, akisoma kwamba mtaalamu wa upimaji amethibitisha. Ningekuwa nimemdanganya Mzee tu, ningejikaza kisabuni, ningeshinda. Lakini hapa nilikuwa namtumia uongo mtu aliyekuwa amesubiri jibu tangu utoto wake, na uongo wenyewe si wa huruma hata, ni wa fundi aliyekosea akaona haya kurudi kwa mteja. Nilijua hivyo. Sehemu kubwa ya kunyamaza kwangu haikuwa kumwonea Mzee huruma. Nilikuwa sitaki aache kuniita Mpima.

Jumatatu nilimnyoa, nikamkalisha kwenye jua, nikabaki nimesimama.

"Mzee, barua ninayo hapa. Sijaiposti."

"Najua."

"Picha niliishika kichwa chini."

Aligeuza uso pembeni, kama anavyofanya anapotaka kumwona mtu. Niliona anafanya hesabu, taratibu, fundi wa zamani. "Vivuli," akasema.

"Ndiyo. Nilivisoma vya hapa."

"Dirisha langu la kaskazini."

"Ndiyo, Mzee."

Nje wanafunzi walikuwa wanapiga mpira kwenye ukuta. Nilitamani mmoja wao avunje kioo.

"Kwa hiyo yapo."

"Yapo. Manne."

Nilitegemea akasirike, na ningejua la kufanya na hasira, mimi mwenyewe ni mtu wa hasira. Hakukasirika. Alijikunja kidogo kwenye kiti, uso ukarudi ule wa kabla ya mayai na kinyozi, nikauona unavyorudi, na nilitamani ardhi inimeze. Akasema, "Nenda nyumbani, Mpima." Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nilimpigia simu binti yake nikamwambia Mzee yuko peke yake, nikaondoka. Sikuaga kazi na sikufukuzwa, nilikaa katikati. Siku mbili nilizunguka Greyville nikitazama maduka ya simu ambayo sina la kununua. Siku ya pili jioni niliosha kile kizibao cha machungwa, nikakianika dirishani. Mke wangu alikiona, akanyamaza ule unyamavu wake.

Siku ya tatu asubuhi binti yake akapiga. Alikuwa amechoka. Akasema baba yake hali chakula chake, anasema supu yake ni maji ya kuoshea vyombo, na anauliza Mpima kaenda wapi na lensi. Lensi nilikuwa nimeiacha juu ya friji. Nilienda kwa taxi, na njia nzima goti langu lilikuwa linachezacheza mpaka abiria wa pembeni yangu akaniuliza kama naumwa.

Nilimkuta barazani amevaa koti juu ya pajama. Picha ilikuwa mezani, vijiko kwenye pembe. Binti yake alikuwa amekwenda kazini. Hakunisalimia.

"Iko sawa sasa?" akauliza. "Kaskazini iko juu?"

Nikaitazama. Nikaigeuza, nikarudisha vijiko. "Sasa iko juu."

"Wameyazungushia?"

Hilo sikuwa nimelitazama jikoni siku ile. Niliona weupe tu, macho yakaishia hapo. Nikachukua lensi. Mstari wa wino ulizunguka banda la ndege lililo jirani, ukapinda kabla ya kufika vibanda. Ulizunguka mzinga, ukazunguka kituo cha maji. Chembe nne zilikuwa zimebaki nje, peke yake, hakuna aliyezigusa.

"Hapana, Mzee. Kila kitu kimezungushiwa isipokuwa hayo." Na hapo nikaona mlango umefunguka, nikajipenyeza. "Sikiliza, mtu aliyeona mizinga chini ya nyavu hahitaji shuka la mtu kumwonyesha kambi. Alikuwa ameuona uwanja mzima kabla wewe hujaloweka hata—"

"Usinionee huruma, Mpima." Hakupaza sauti. "Nilikuuliza yapo au hayapo. Umenijibu mara mbili. Hilo jibu la pili ndilo la kwangu. Hayo mengine ni ya Mjerumani."

Nikaiweka lensi mezani.

"Chana ile barua. Lete karatasi."

Nikachana, nikakaa. Barua ya pili ilikuwa fupi. Aliomba msamaha kwa kimya, kama mwanzo. Kisha akasema niandike hivi: mashuka yalikuwa mawili yangu na mawili ya kaka yako, niliyaanika mimi, kaka yako aliniambia niyaanue nami nikamwambia acha yakauke kwanza. Yanaonekana kwenye picha. Sijui kama ndiyo yaliyomuua, na sitajua, lakini ulistahili kuambiwa na nimekawia miaka sabini. Nikadhani amemaliza. Kisha akasema, "Na ile ya dirisha, iache ibaki. Iandike kama ilivyokuwa. Alicheka kweli."

Nikaiandika. Pale kwenye mtaalamu wa upimaji aliniambia niweke "mtu wa hapa nyumbani aliyenisaidia kutazama", na nilikubali bila ubishi, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Nilipompa kalamu atie sahihi hakuipokea. Alinyoosha mkono wa kulia juu ya meza, akapapasa karatasi ya picha.

"Nionyeshe kwanza. Weka kidole changu hapo."

Nikakishika kidole chake cha shahada, kikavu, chenye fundo kwenye kiungo. Nikakipitisha juu ya uwanja wa nyasi na ile mistari yake ya uongo, nikapita mabanda ya ndege, nikapita kibanda cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikakiteremsha.

"Ni hapa?"

"Ni hapo, Mzee."

"Ni padogo kiasi gani?"

"Kidole chako kimepafunika pote."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu. Jua lilikuwa linatupiga usoni, kutoka kaskazini. Nilisubiri akiondoe kidole nimpe kalamu, maana huo ndio mkono wake wa sahihi, na hakukiondoa.